Inkubeta ya mayai 176 kutoka Kariakoo, baada ya mizunguko 14

Wadau, kila siku naona kuna mtu anauliza hizi inkubeta za mayai 176, yaani mashine za kutotolesha vifaranga, kama zinalipa au ni longolongo, na wanaojibu wengi ni wauza mashine wenyewe, sasa ngoja mwenzenu niliyenunua kwa hela yangu niseme ninachokijua. Ninayo tangu Novemba 2023, nimeshaendesha mizunguko 14, wa kumi na tano upo ndani hapa ninapoandika, inanguruma pembeni ya kitanda changu. Kwa wasio na muda wa kusoma yote: mashine naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, duka lililoniuzia nyota moja, na zile hesabu walizonipigia pale dukani hazistahili hata nusu nyota.

Mi nimesoma ualimu, Historia na Kiswahili, nimemaliza 2019, na mnajua wenyewe masomo ya sanaa ajira zake zilivyo. Nimejitolea shule ya kata mwaka mzima kwa posho ya nauli tu, nikauza vitumbua, nikauza barafu za ubuyu, nikachoka. Nipo Morogoro, Kihonda, nakaa kwa mama, uani kuna kichumba kilikuwa stoo ya magunia ndo kikanipa wazo la kuku. Mtaji ulinitesa. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi (nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu) serikali ilikuwa imeisimamisha tangu Aprili 2023, sisi tukaenda kuulizia tukiwa watano, katiba ya kikundi mkononi tumeshaichapisha na kuitoa kopi tatu, tukaambiwa subirini utaratibu mpya. Kikundi kikafa hapohapo kwenye benchi la kusubiria. Mmoja wetu akakimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kali, habari zake sitaki hata kuhadithia. Mi nikachukua changu kwenye kikoba laki nne, mama akaongeza, dada yangu akatuma kidogo, ikafika laki saba.

Mashine laki 6 na 20, Kariakoo. Muuzaji kijana mchangamfu kweli, kaniita dada angu kama mara ishirini, akatoa simu akafungua kalkuleta akanigeuzia nione: mayai 176, kifaranga 2,000, hiyo ni 352,000 kila siku 21, mwaka una mizunguko 17, dada angu hiyo ni karibu milioni sita na hujatoka nyumbani kwako. "Hii inajiendesha yenyewe, kazi yako wewe kuhesabu vifaranga." Nilivyotoka pale nilikuwa nimeshanunua kiwanja kichwani. Sasa iangalieni vizuri hiyo hesabu, haina hela ya kununulia mayai, haina umeme, haina chanjo wala pumba, haina kifaranga aliyekufa, haina zile siku mbili tatu za kuosha na kukausha mashine kila mzunguko, na inaamini kila yai duniani lina kifaranga ndani. Risiti nilipewa baada ya kuiomba mara mbili, waranti ya mwaka mmoja ikaandikwa kwa peni nyuma ya kadi ya biashara. Hapo ningeshtuka ila ndo hivyo, kiwanja kilikuwa kimeshanikaa kichwani.

Mashine yenyewe ni boksi la bati na povu gumu la plastiki ndani, ile kuta ya kuzuia joto lisitoke, lina kioo mlangoni na trei mbili za mayai 88 kila moja. Ndo maana namba za hizi mashine ni 88, 176, 264, 352, zinapanda kwa trei. Ndani kuna feni, hita imezunguka feni, vijisahani vya maji chini, na mota inayoinamisha trei kila baada ya masaa mawili. Juu kuna kontrola inaonyesha joto, unyevu, ni siku ya ngapi na trei zimegeuka mara ngapi. Kitabu cha maelekezo ni Kichina na Kiingereza cha kuokoteza. Ina pia sehemu ya kuchomeka betri ya volti 12, muuzaji hakuigusia kabisa na mimi sikuuliza, ila hiyo sehemu ndogo ndo ilikuja kuokoa biashara.

Mzunguko wa kwanza niseme ukweli, ulikuwa msiba. Mayai ya kuku chotara (mchanganyiko wa kienyeji na kisasa) niliagiza kwa mtu wa mbali, 800 kila moja, yakaja kwa basi halafu boda kutoka stendi ya Msamvu, na mimi kwa haraka yangu nikayapanga jioni ileile. Kumbe yai lililosafiri linatakiwa litulie angalau usiku mzima, ncha iangalie chini, lipoe, ndo uliweke. Na yule mtu sikumuuliza yametagwa lini. Yai likizidi wiki moja tangu litagwe nguvu zinaanza kupungua, sasa mtu anayekusanya mayai 176 kutoka kwa kuku wake 30 piga hesabu mwenyewe la kwanza kabisa lilikuwa na siku ngapi.

Siku ya saba nikapima kwa tochi. Hii kazi naipenda mpaka leo. Unazima taa, unachukua boksi la viatu unatoboa tundu la ukubwa wa shilingi mia, simu ndani tochi imewashwa, unaweka yai juu ya tundu upande ule mnene. Yai zima linawaka rangi ya chungwa, na kama lina uhai unaona kitone cheusi na mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi ya mchicha ukiung'oa, na ukitulia unakiona kile kitone kinachezacheza. Yasiyo na kitu yanawaka matupu tu kama balbu. Nilitoa matupu 52. Siku ya 18 nikatoa mengine 17 yaliyokufia njiani. Yakabaki 107, na waliotoka ni vifaranga 66.

Na hao 66 walitoka siku ya 19 na ya 20, mi nikafurahi eti wamewahi. Kumbe kuwahi ni dalili mbaya. Walikuwa wadogo, wengine kitovu hakijafunga vizuri kile kiini kimebaki nje, wengine miguu imeachana hawawezi kusimama. Wiki ya kwanza wakafa 15. Nikauza 51, laki moja na elfu mbili. Mayai tu yalinigharimu 140,800. Yaani kabla ya umeme nimeshapoteza 38,800, na mama anauliza vifaranga wa kiwanja wako wapi.

Sasa hapa ndo naanza kuisema mashine. Joto linalotakiwa kwa mayai ya kuku kwenye mashine yenye feni ni 37.5 mpaka 37.8 hivi, na kontrola yangu ilikuwa inaandika 37.8 muda wote, imetulia kabisa. Ila vifaranga wakiwahi siku moja na nusu maana yake joto la kweli lilikuwa juu. Nikaenda famasi nikanunua ile kipimajoto ya dijitali ya kupimia homa, elfu 3, nikaiweka katikati ya trei mlango umefungwa. Ikasoma 38.6. Kumbe ile sensa ilikuwa imening'inia jirani kabisa na tundu la kuingizia hewa, inapulizwa na hewa ya baridi ya nje, basi inamdanganya kontrola kwamba ndani kuna baridi, hita inazidi kuwaka. Nikaivuta kwa zile tai za plastiki nikaifunga usawa wa mayai katikati, halafu nikarekebisha kwenye mipangilio mpaka vipimo viwili vikakubaliana. Dawa ya hasara yote ile ilikuwa kipimajoto cha elfu tatu. Unyevu nao unapimika kienyeji: chukua kifuniko cha chupa weka chumvi ya mezani, idondoshee maji iwe kama uji mzito, funga pamoja na sensa kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, acha usiku kucha, inatakiwa isome 75. Yangu ilisoma 69, kwa hiyo naongeza sita kila ninaposoma. Mwenye mashine kama hii fanya haya mawili kabla hujaweka hata yai moja, usiamini namba kwa sababu inawaka nyekundu.

Mzunguko wa pili ni wa umeme. Mnakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023 kuingia 2024, kabla lile bwawa la Nyerere halijaanza kuzalisha na mtambo wake wa kwanza Februari. Mi mwenye akili zangu nilinunua mashine ya kula umeme katikati ya mgao. Siku ya 19 usiku saa tatu umeme ukakata. Yai lililofika siku ya 19 lina joto lake lenyewe kidogo, linaweza kuvumilia kuliko la siku ya tatu, ila masaa yakizidi nalo linakufa. Nikachemsha maji kwenye jiko la mkaa, nikajaza madumu mawili ya lita tano, nikayafunga na kanga nikayaingiza chini pale penye visahani, mashine nzima nikaifunika blanketi la mama nikaacha upenyo wa hewa. Kila baada ya saa moja na nusu nabadilisha maji. Saa nane usiku nimeweka sikio kwenye kioo nasikia wanalia ndani ya mayai, wamo bado hawajatoboa, kasauti kadogo kama mtu anakwangua sufuria mbali, nikakaa chini nikalia na mimi. Umeme ukarudi saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kwenye mayai 150 nilipata vifaranga 61. Waliochelewa nilijifanya nawasaidia kubandua ganda, wakafa wote, msifanye hivyo, ukifungua fungua mlango siku ya kutotoa ule unyevu unatoka, ile ngozi ya ndani ya yai inakauka inamganda kifaranga.

Baada ya hapo nikanunua betri ya gari iliyotumika na chaja yake, 110,000 zote, nikachomeka kwenye ile sehemu ya volti 12. Inashika masaa matano hivi ukizuia kufungua mlango. Kwa hiyo bei ya kweli ya mashine hii sio laki 6 na 20, weka na betri, weka na mzigo wa basi, weka na kipimajoto, ni laki saba na nusu inakimbia.

Luku nayo. Mashine yangu inakula kama uniti 2 kwa siku, mzunguko mzima uniti 40. Sio nyingi, shida ni kwamba nyumbani tulikuwa kwenye lile kundi la wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, elfu moja unapata uniti 8 na ushee. Ilivyoanza kazi tukapitiliza, tukahamishwa, sasa elfu moja ni uniti 2.8. Yaani mzunguko ambao ungenigharimu kama elfu 5 unanigharimu elfu 14, na taa za mama na friji na pasi vyote vimepanda bei kwa sababu yangu. Hili hakuna muuza mashine atakayekwambia. Kama nyumba ni ya kupanga na luku mnachangia, zungumzeni kwanza na wenzako maana ugomvi utakaotokea hapo inkubeta haitotolei.

Mzunguko wa tatu ndo nilianza kuona mwanga, na sababu ni bibi mmoja jirani yangu, mitaa miwili tu kutoka kwetu. Nilikuwa naenda kununua mayai yake ya kula. Nikamkuta kuku wake katoka kuatamia, mayai 12, vifaranga 11. Nikamwambia bibi shikamoo, hivi unafanyaje. "Marahaba mwanangu. Mie sifanyi kitu, anafanya kuku." Halafu akaniuliza hilo sanduku langu nililinunua shilingi ngapi, nikamwambia, akacheka mpaka akakaa. Ila alinifundisha jambo: yeye majike kumi ana jogoo mmoja mzima, mayai anaokota kila jioni, yenye uchafu anatenga ya kula hayaoshi, na hayakai zaidi ya siku nne tano. Nikaanza kununua kwake na kwa wenzake watatu wenye chotara, 600 kila yai, nayafuata mwenyewe kwa miguu na kapu lenye pumba za mpunga.

Mayai 176, siku ya saba nikatoa 21, siku ya 18 nikatoa 9, vifaranga 133. Waliotoka siku ya 21 yenyewe, wamenona, wamekauka, wanakimbia. Niliuza 128 nikapata 256,000, toa mayai 105,600, toa umeme 14,000, toa chanjo na chakula cha siku za mwanzo 22,000, mkononi ikabaki 114,400. Kwa wiki tatu. Sio mshahara wa mwalimu ila ni hela ambayo sikuomba barua kwa mtu. Tangu hapo nimekuwa nazunguka kati ya asilimia 68 na 79, ile ya asilimia 98 iliyoandikwa kwenye boksi nadhani ni ya kuku wa bibi.

Kuhusu duka. Mwezi wa tano mota ya kugeuza trei ikafa, gia za plastiki zimekwisha meno. Nikapiga simu, nikaambiwa nilete mashine Dar. Nikafunga safari na mota tu mkononi, yule yule wa dada angu ananiangalia kama hajawahi kuniona, ananambia waranti inahusu umeme, hiyo ni mekaniko. Nikamuuliza mota inayotumia umeme inakuwaje sio umeme, akaniitia bosi, bosi yuko China. Nikarudi. Fundi wa redio hapa Moro akanitafutia mota ya kufanana nayo, elfu 18 na kuifunga, inafanya kazi mpaka leo. Wiki nzima kabla sijaipata nilikuwa nageuza kwa mkono mara tatu kwa siku, na iwe mara tatu au tano, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili usiku mrefu yasilale upande uleule kila siku. Duka silitaji jina, ila ukinunua popote pale waambie wakuandikie waranti kwenye risiti, waandike na vipuri gani, na uombe mota ya akiba uondoke nayo.

Kwenye soko niseme kidogo maana watu huwa wanaliogopa kuliko mashine, na mimi naona ni kinyume. Vifaranga wa siku moja wanaotoka nje vilipigwa marufuku 2006 kwa sababu ya mafua ya ndege, mnakumbuka pale mpakani Namanga 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilivyochomwa moto, kwa hiyo ushindani ninaouona mimi ni wa makampuni ya humuhumu ndani. Na hao makampuni wanauza kwa boksi la mia. Mama wa nyumbani Kihonda hataki mia, hana banda la mia, anataka kumi na tano tu tena aone kwanza kabla ya kutoa hela. Huyo ndo mteja wangu. Wanaotafuta wanaongezeka mwezi wa nane na wa tisa maana chotara akilelewa vizuri Desemba anachinjwa. Ila kuna wengine wanaogopa miezi hiyohiyo ya kiangazi kwa sababu ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, na wana haki, kideri kikiingia mtaani kinafagia banda kwa siku tatu nne. Mi siuzi kifaranga bila maelezo ya chanjo, na wakikaa kwangu mpaka siku ya saba wanaondoka wamepata ya kideri, ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, mteja anakwenda kumalizia mwenyewe siku ya 14. Kero ya chanjo ni vichupa, wanauza cha dozi nyingi wakati una vifaranga sabini, ukishakifungua ni masaa mawili tu, kwa hiyo tumeunda kikundi cha watu sita tunachanja siku moja, chupa inazungushwa kwa boda ndani ya kifuko cha barafu. Na maji ya bomba yenye dawa msichanganyie chanjo, tumieni ya kisima au ya mvua.

Ila hela ya kweli ya hii mashine sikuiona kwenye kuuza vifaranga, na hili sijaona mtu analisema. Ni kutotolesha mayai ya watu. Ilianza na bibi huyohuyo, kuku wake wawili walikufa mmoja akiwa anaatamia, akaniletea mayai. Akaambia wenzake. Sasa natoza 300 kwa yai, nusu ukileta nusu ukichukua vifaranga, yai lisipototoa hasara sio yangu ila siku ya saba nakuita uje uone mwenyewe kwa tochi, nisije nikaitwa mwizi. Trei zote mbili zikiwa za wateja napata 52,800, toa umeme 14,000 inabaki 38,800, hela ileile niliyoipoteza mzunguko wa kwanza, na safari hii sijanunua hata yai moja. Mara nyingi naweka trei moja ya wateja moja yangu, ya wateja inalipa umeme na pumba, yangu inakuwa faida. Sheria ni moja tu, mwisho wa kuleta ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni, wote wanaingia siku moja, kwa sababu siku tatu za mwisho unyevu unapandishwa mpaka 65 au 70 na trei hazigeuzwi tena, huwezi kuchanganya yai la siku ya 18 na la siku ya nne. Na ukiweka Jumamosi yanatotoa Jumamosi, watu hawapo kazini, wanakuja na maboksi yao na watoto wao, uani panakuwa kama kuna shughuli.

Nani anunue? Kama tayari una kuku wako wanaotaga au una majirani wenye kuku, nunua, hata kesho. Kama huna yai wala jirani unategemea kuagiza mayai kwa basi, acha, nunua vifaranga 50 lea kwanza ujue kulea. Kulea ndo kazi kubwa, joto la bruda (pale unapowalelea vifaranga kwa joto) wiki ya kwanza 32 mpaka 35, wakirundikana wana baridi, wakikimbilia kwenye kingo wamezidiwa, na jiko la mkaa kwenye chumba kisicho na dirisha litawaua wao na wewe. Kama umeme wenu unakatika kila siku na huna hela ya betri, acha pia. Na yeyote atakayekwambia nunua mashine vifaranga wote nitavinunua mimi, mwambie akulipe nusu leo. Kenya 2013 na 2014 watu walikimbilia kufuga kware, bei ikaporomoka wakabaki na mayai hakuna anayeyataka.

Mikopo ya halmashauri ilirudi 2024, wenzangu wawili wameunda kikundi kipya na wamenialika, wanataka tuchukue ile ya mayai 528. Nimewaambia nitafikiria. Mashine ya trei sita inataka mayai 528 mabichi ya wiki moja, na mi kwa mtaa wangu wote nimehesabu kuku wanaotaga, hawafiki mayai 300 kwa wiki.

Mzunguko wa 15 leo upo siku ya 16. Trei ya juu mayai 24 ni ya bibi, kayachora msalaba kwa mkaa yote ili nisimbadilishie, na alivyoyaleta alinipa masharti, kanambia safari iliyopita sanduku lako lilinitolea majogoo matupu, wakija majogoo tena hiyo nusu ya pili sikulipi. Nimejaribu kumweleza kwamba mashine haichagui. Kanijibu mbona kuku wake alikuwa anachagua.